Tulimchagua Kulwa namba moja kwenye draft, Mabatini wakamchagua Doto: yaliyotukuta timu ya kikapu ya Igoma

Wakuu, mlio kazini na mliojificha chooni na simu, wote nawasalimu. Walionizidi umri, shikamooni.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe. Sehemu ambayo sikuwepo nitasema sikuwepo, na sehemu ambayo sina uhakika nitasema sina uhakika. Kama humu kuna mtu wa Mabatini aliyekuwepo siku ile, anisahihishe bila kuogopa. Ila atumie lugha nzuri, mke wangu husoma.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Igoma, barabara ya Musoma. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Shule niliishia la saba. Nina tabia ya kuandika mambo ya siku kila jioni tangu nikiwa kijana, lakini hakuna aliyewahi kunisahihisha, kwa hiyo mkikuta makosa vumilieni.

Mpira wa kikapu sijawahi kucheza. Niliingia kwa sababu ringi ya uwanja wetu ilikatika, wakaniita niichomelee. Nikaichomelea. Wiki iliyofuata nikarudi kuangalia kama imeshika. Nikarudi tena. Mwisho nikawa nakuja kila Jumamosi na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Ulipofika uchaguzi wa viongozi, kila mgombea alikuwa na watu wasiompenda. Mimi sikuwa na hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua kama najua chochote. Wakanipa uenyekiti.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa uamuzi mzuri. Tuendelee.

Timu yetu ilikuwa imezeeka. Nasema kwa heshima, wengine ni wateja wangu. Mtu akiruka mara moja anashuka ameshika goti. Kabla ya mechi uwanja ulikuwa unanukia dawa ya kuchua kuliko jasho. Vijana wa maana wote walikuwa wanakimbilia Mabatini, kwa sababu Mabatini wanashinda na jezi zao zinafanana rangi.

Ikafika mahali wachezaji wetu wenyewe wakaanza kusema: mwenyekiti, kwa nini tusivunje timu tu, wenye nguvu wahamie Mabatini, wazee tupumzike?

Hapo ndipo akaja Deus.

Deus ni dereva wa bodaboda na ni mchezaji wetu. Ligi ya kikapu ya Marekani anaijua kama mtu anavyojua ukoo wake. Akasimama kwenye kikao akasema, "Mwenyekiti, Marekani timu ikizeeka haivunjwi. Inafanyiwa rebuild."

Nikamwambia anieleze kama anayemweleza fundi.

Akasema, "Una nyumba ya udongo imeinama. Ukiipiga plasta kila mwaka, kila mwaka itainama. Unaibomoa. Mnalala kwa jirani, mnachekwa, mvua inawanyeshea. Lakini mnajenga ya tofali."

Nilielewa. Nilichosahau kumuuliza ni mvua itanyesha kwa muda gani.

Sasa niwaeleze utaratibu wetu, maana bila huo hamtaelewa.

Ligi yetu ina timu sita, za Mwanza mjini na pembezoni, na moja ya ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Zamani vijana wakimaliza kidato cha nne timu zilikuwa zinawagombania kwa chipsi na soda. Kuna kijana alikula chipsi za timu nne halafu akaenda kucheza volebo. Ugomvi ukazidi, viongozi wakakubaliana tuwe na draft kama Marekani.

Vijana wanaotaka kucheza wanaandikisha majina. Msimu ukiisha, timu iliyoshika mkia inachagua wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho. Kila timu mtu mmoja. Nafasi yako ya kuchagua ndiyo inaitwa pick, na ukitaka unaweza kubadilishana na timu nyingine, kwa mchezaji au kwa pick ya mwaka mwingine.

Basi Deus akaja na mpango. Sengerema ndio walikuwa wanashika mkia miaka yote. Tuwape mchezaji wetu bora, watupe pick yao. Wao watakuwa wa mwisho kama kawaida, sisi tutachagua wa kwanza.

Mchezaji wetu bora alikuwa Masalu. Na Masalu ni kaka wa mke wangu.

Masalu mwenyewe hakuwa na shida. Ana shamba la mihogo Sengerema na alikuwa anatafuta sababu ya kwenda kulisimamia. Shida ilikuwa nyumbani kwangu.

"Nimesikia umemuuza kaka yangu."

"Sijamuuza, mama Suzi. Tumebadilishana."

"Na nani?"

"Na kijana mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Bado hatumjui. Atajulikana mwakani."

Akaacha kuchambua mchele akaniangalia. "Kwa hiyo umembadilisha kaka yangu na hewa."

Nilijitahidi kumweleza pick ni nini. Nilipomaliza na mimi nikaona kama ni hewa.

Deus anasema Marekani mchezaji akihamishwa anapigiwa simu, anabeba begi, kesho yake anacheza kwingine. Sisi tulishindwa. Mtu hawezi kuondoka hivi hivi kama anafukuzwa. Tukamsindikiza timu nzima, na wake zetu, na jogoo wa kuwapa wenyeji. Tukavuka kwa kivuko. Sengerema wakatupokea na sufuria la ugali na sato, mwalimu wa timu yao akatoa hotuba, mimi nikatoa hotuba, mama Suzi akasema maneno machache yaliyofanya niangalie chini. Unaweza kusema tulikwenda kuoza binti.

Sasa wakuu, kuna wenye akili humu ambao tayari wameona kosa liko wapi. Mimi sikuliona. Deus hakuliona. Kikao kizima hakikuliona.

Ukimpa wa mwisho mchezaji wako bora, hawi tena wa mwisho.

Masalu alifika Sengerema akawa kama amekunywa dawa. Hewa ya shamba, sijui. Alikuwa anafunga mpaka wapinzani wanacheka. Sengerema wakachukua ubingwa. Bingwa anachagua wa mwisho, kwa hiyo ile pick yetu ya dhahabu ikawa pick ya mwisho kabisa, ya kuokota kilichobaki.

Na sisi bila Masalu tukashika mkia.

Nikapewa jina, Mwenyekiti wa Hewa. Watoto wanaopita kwenda shule walikuwa wananiita hivyo nikiwa nachomelea, na mtu anayechomelea hawezi kugeuka haraka.

Lakini niseme kwa haki: kushika mkia kulitupa pick ya kwanza, ya kwetu wenyewe. Kwa hiyo tulikuwa na mbili, ya kwanza na ya mwisho. Wachezaji wakakaa, wakanipa sharti mbele ya wote. Draft hii tupate kijana wa kuishikilia timu, tuonekane tumepata timu kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Tusipoonekana, timu inavunjwa, kila mtu aende anakotaka. Nikakubali. Sikuwa na cha kukataa.

Na kijana alikuwepo. Anaitwa Kulwa.

Wakuu, huyu mtoto ni mrefu mpaka akiingia kwenye karakana yangu anaomba radhi kwa dari. Amecheza mashindano ya shule, ana mikono laini, anaona uwanja mzima. Timu zote sita zilikuwa zinamtaka, na sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuchagua.

Nikaona si vizuri kumchagua mtoto wa watu bila kwenda kusalimia kwao. Nikaenda. Mama yake ni mchuuzi wa dagaa, wanakaa karibu na ziwa. Nilimkuta anageuza dagaa zilizoanikwa kwenye nyavu, nikasaidia kidogo, akanipa kiti na michembe ya viazi na karanga za kutafuna. Nikasema shida yangu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Na Doto?"

Nikasema, "Doto yupi mama?"

Akanionyesha kwa mdomo. Pale mlangoni alikuwa amekaa kijana mfupi, mnene kidogo, anacheka na simu. Kwa jina tu ningetakiwa nijue. Kwetu Usukumani ukisikia Kulwa, tafuta Doto yuko wapi. Ni mapacha. Hawafanani hata kucha, lakini ni mapacha.

"Doto naye anacheza?" nikauliza.

"Anaenda kila anakoenda mwenzie," mama akasema. "Tangu wamezaliwa sijawahi kumnunulia mmoja shati. Ukimpa Kulwa timu, Doto naye mpe timu hiyo hiyo. Kama hamuwezi, dagaa zipo, watasaidia hapa."

Wasiojua mila zetu wasimcheke. Mapacha kwetu hawatenganishwi kwa mambo ya kuchezea. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, halafu mmoja akaugua, utajieleza kwa nani?

Nilirudi nimefurahi. Deus alifurahi zaidi. "Mwenyekiti, unaona sasa hewa ilivyotusaidia? Ya kwanza tunamchukua Kulwa. Ya mwisho tunamchukua Doto. Nani mwingine atamtaka Doto? Atakuwepo tu!"

Na ni kweli, Doto hajui mpira. Nimemwangalia. Akidunda, mpira unakwenda kwake na yeye anakwenda kwake.

Hapa ndipo nikafanya jambo ambalo Deus mpaka leo hajanisamehe.

Kwenye kikao cha viongozi wa timu zote kabla ya draft, nikasimama nikaeleza hali ya mapacha. Nikaomba wahesabiwe kama mtu mmoja. Niliona si haki sisi kujua jambo ambalo wenzetu hawalijui, na niliona pia mapacha wengine watakuja, tuwe na utaratibu.

Wakapiga kura wakakataa. Watu wawili, pick mbili.

Sawa. Lakini sasa kila mtu akawa anajua kwamba bila Doto hakuna Kulwa.

Deus aliponisikia nikisimulia, akakaa chini kwenye mchanga wa karakana. "Mwenyekiti, umewaonyesha watu mlango wa nyuma na ufunguo ukawaachia."

Nikasema hakuna kiongozi atakayepoteza pick yake kwa roho mbaya tu.

Nilikuwa nimemsahau Chacha.

Chacha ni mwenyekiti wa Mabatini. Ana duka la spea za pikipiki, kwao ni upande wa Mara, ana sauti ya kuita ng'ombe walio kilima cha pili. Si mtu mbaya. Nalisema hili mapema ili nisije nikamwonea huko mbele. Ni mtu wa mizaha na anapenda kushinda, basi.

Siku ya draft ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye darasa la shule moja ya msingi. Majina ya vijana yameandikwa ubaoni kwa chaki. Vijana wenyewe wamekaa mbele, anayeitwa anakwenda kusimama na timu yake. Wazazi madirishani. Mama Kulwa alikuwa mlangoni na kitenge kipya.

Katibu wa ligi akaniita. Nikasimama, nikasema, "Igoma tunamchagua Kulwa."

Makofi. Kulwa akaja akasimama na sisi. Doto akapiga makofi kuliko wote.

Wa pili akachagua. Wa tatu akachagua. Wa nne ni Mabatini.

Chacha akasimama taratibu. Akaangalia ubao kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Akanigeukia, akanikonyeza.

"Mabatini," akasema, "tunamchukua Doto."

Darasa zima likaangua kicheko. Nyuma yangu nikasikia Deus anasema "mwanawane!" kwa sauti ya mtu aliyetobokewa tairi.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu uzi wote uko hapa.

Doto hakucheka. Doto aligeuka nyuma kuangalia kama kuna Doto mwingine. Hakuwepo. Akajigusa kifua.

"Mimi?"

"Wewe," Chacha akasema, bado anacheka.

Mtoto yule aliruka. Alimkimbilia Chacha akamkumbatia tumbo lote. Akashika mkono wa kila mchezaji wa Mabatini. Halafu akaja kwetu, akamshika mkono pacha wake, akanishika mimi, akaniambia, "Samahani mwenyekiti, nimeshapata timu."

Na mlangoni mama yake akapiga vigelegele. Vya kweli kabisa, vya harusi.

Nilimwona Chacha. Kicheko kilikuwa bado usoni lakini hakikujua tena kinakwenda wapi.

Katibu akatangaza mapumziko ya soda. Chacha akaja moja kwa moja kwangu. "Ngosha," akaniambia chini chini, kama watu wanavyotuita sisi Wasukuma, "unajua ninachotaka. Nipe pick yenu ya mwakani, mchukue mtoto wenu."

Nikafungua mdomo kujibu. Doto alikuwa amesimama hapo hapo. Mama yake naye akafika.

"Mnaongea habari za mwanangu?" akauliza.

"Ndiyo mama," Chacha akasema. "Hawa Igoma wanamtaka Doto."

"Na ninyi?"

Chacha akamwangalia Doto. "Sisi, mama, hatuwezi kumtoa hivi hivi. Huyu ni kijana wa kujenga naye timu."

Wakuu, ningefanya nini? Niseme mbele ya mama yake na yeye mwenyewe kwamba hana thamani, punguza bei? Nikasema, "Ni kweli. Ndiyo maana na sisi tunamhitaji."

"Ana kasi," Chacha akasema.

"Nimeiona," nikasema. Mungu anisamehe.

"Na anaona mbali."

"Sana."

Doto alikuwa anatuangalia mmoja mmoja kama anayeangalia mechi. Nyuma ya Chacha mchezaji wake mmoja akamvuta shati, "Mzee, tunaongelea nani?" Chacha akamkanyaga.

Kila alivyomsifia ndivyo bei ilivyopanda, na kila nilivyokubali ndivyo nilivyojifunga. Ilikuwa pick ya mwakani, ikawa pick ya mwakani na jezi mpya za timu nzima. Deus alikuwa ameshika kichwa.

Mwisho katibu wa ligi, mama mmoja mtulivu anayeuza vitabu vya shule, akachoka. "Jamani, mbona mnamgombania mtu aliyesimama hapa? Muulizeni mwenyewe."

Chacha akafurahi. Na mimi nikafurahi. Tulidhani wote kwamba atasema nataka kuwa na Kulwa, na mambo yatakwisha.

Doto akanyoosha shati. "Mimi nimechaguliwa na Mabatini. Nitacheza Mabatini."

"Lakini Kulwa yuko Igoma," nikamwambia.

"Najua mwenyekiti. Lakini tangu shule ya msingi, tukigawana timu mimi huwa nabaki. Wanasema, aliyebaki aende kwenu. Leo nimeitwa jina."

Halafu Kulwa, ambaye alikuwa amekaa upande wetu na hakuulizwa na mtu yeyote, akainama, akachukua begi lake, akatembea mpaka walipokaa Mabatini. Akakaa karibu na mwenzie. Basi.

Hivyo tu, namba moja wetu akawa amevuka darasa.

Watu wangu wakalipuka. Deus alisema tumeibiwa mchana kweupe. Wengine wakasema kwa kanuni Kulwa ni wetu, hawezi kuchezea timu nyingine bila ruhusa yetu, basi akae nyumbani mwaka mzima, mwakani Doto atakuwa amechoka. Na kwa kanuni walikuwa sahihi. Lazima niseme hivyo.

Nikatoka nje. Mimi nikichanganyikiwa huwa nahitaji kushika chuma, nikashika nondo za dirisha. Zilikuwa zimechomelewa vibaya.

Mama Kulwa akanifuata. Nikamuuliza, "Mama, nikimzuia Kulwa itakuwaje?"

"Watakaa nyumbani wote."

"Na kipaji chake?"

"Kipaji mnakijua ninyi. Mimi namjua kwa kula." Akakaza kitenge chake. "Lakini akirudi kwenye mpira huwa anacheka njia nzima. Hilo nalijua."

Nilisimama pale nikajiuliza mambo mengi. Timu yangu itavunjika nikimwachia. Nikimzuia, itavunjika vile vile, maana hatacheza kwetu. Tofauti ni kwamba kwenye moja kuna mtoto anakaa mwaka mzima anageuza dagaa kwa sababu watu wazima wamekasirikiana.

Nikarudi ndani. Nikamwambia Chacha mbele ya katibu: Kulwa mchukue. Utupe vijana wako wawili wale wa pembeni, ambao msimu mzima unawakalisha benchi, na pick yenu ya mwakani.

Chacha akakubali haraka mpaka nikahisi nimekosea hesabu.

Nikaongeza sharti moja. "Na Doto anaanza kila mechi. Umesema mbele ya mama yake ni kijana wa kujenga naye timu."

"Ngosha, unaniua."

"Sijasema mimi. Umesema wewe."

Wachezaji wake wakapiga kelele, "Mzee, usikubali!" Lakini Doto alikuwa anamwangalia. Chacha akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Ataanza."

Mpaka leo najiuliza, sharti lile niliweka kwa ajili ya Doto au kwa kumkomoa Chacha. Nimeandika jibu moja jioni moja, nikalifuta jioni nyingine.

Na ile pick ya mwisho, hewa ya mama Suzi, tukamchukua kijana mmoja mfupi wa Buhongwa aliyebaki ubaoni. Anakimbia kama amesahau kitu nyumbani.

Wachezaji wangu hawakuniongelesha wiki nzima.

Ratiba ikatoka. Mechi ya kwanza: Igoma na Mabatini, uwanjani kwetu. Ile ile ya kuamulia timu ife au iishi.

Siku hiyo watu walijaa mpaka juu ya mawe. Mama Kulwa alikaa benchi la Mabatini, katikati, kama kocha. Doto akaanza, jezi imefika magotini. Kulwa akaruka kwenye mpira wa kwanza, na mkono wake ulikuwa juu kuliko wote. Nikajua tumekwisha.

Kulwa akashuka na mpira, akaangalia uwanja mzima, akampa Doto.

Doto akaudunda kwenye mguu wake. Ukatoka nje.

Mara ya pili Kulwa akaupata. Akampa Doto. Mara ya tatu. Akampa Doto. Chacha akaanza kuita, "Kulwa! Kulwa mwanangu! Wako wengine!" Kulwa akaitikia kwa heshima, "Ndiyo mzee," akampa Doto.

Sijui kwa nini hatukuliona hili mapema. Mtoto ambaye maisha yake yote kila alichopewa amegawana na mwenzie, utampa mpira halafu utegemee afanye nini?

Vijana wetu watatu wapya walikuwa wanakimbia mpaka Deus akaomba kutoka ili awaangalie. Wale wawili waliokalishwa benchi Mabatini walikuwa na hasira nzuri. Yule wa Buhongwa alikuwa anaiba mpira kutoka kwa Doto, anafunga, anarudi kumwambia pole.

Karibu na mwisho Doto akapata mpira chini ya ringi. Mtu wetu aliyekuwa anamkaba aliteleza. Niseme kweli, sina uhakika kama aliteleza. Doto akautupa kwa mikono miwili kutoka tumboni. Ukagonga ubao, ukazunguka ringi niliyochomelea mimi, ukaingia.

Uwanja wote ulisimama. Benchi letu lilisimama. Deus alirukaruka mpaka akakumbuka yuko upande gani. Doto alikimbia uwanja mzima mikono juu, na Kulwa nyuma yake anacheka kwa sauti, na refa akaacha kupuliza kwa muda.

Tulishinda. Kwa haki niongeze: tulishinda tukicheza na timu ambayo mchezaji wake bora hakutaka kufunga. Mtu akisema ushindi ule hauhesabiki sitabishana naye. Lakini wachezaji wangu walibaki uwanjani baada ya watu kuondoka, wakapanga siku za mazoezi, na hakuna aliyetaja tena habari ya kuvunja timu. Nilisubiri mtu ataje. Mwisho nikaenda kufungua karakana.

Nirudi nyuma kidogo. Mechi ilipoisha tu nilikuwa karibu na Chacha, nikimtafutia maneno ya kumpoza. Doto akamjia Chacha anahema, jezi imelowa.

"Mwenyekiti wangu, na Jumamosi ijayo naanza?"

Nilimwangalia Chacha. Alikuwa amefungwa, amechekwa, duka atalifungua kesho yake na kila mteja atamuuliza habari ya Doto. Akamfuta mtoto jasho la uso kwa kiganja.

"Unaanza," akasema. "Ila wiki hii uje dukani kila jioni, tufanye mazoezi ya kudunda."

Na kwenye kusema hivyo hakuniangalia mimi hata kidogo. Lile sharti langu nadhani hata alikuwa amelisahau.

Nilichojifunza wakuu, na mwenye elimu kunizidi anaweza kuliweka vizuri zaidi: kwenye rebuild unaweza kubadilisha mchezaji, pick, na hata mwaka ambao haujafika. Hayo yote ni karatasi. Lakini mtu ukimwita jina lake mbele ya watu, hata kama ulikuwa unatania, kwake si utani. Amechaguliwa. Kuanzia hapo una kazi naye.

Sasa nataka mawazo yenu, msinionee huruma. Nilikosea kutangaza habari ya mapacha kwenye kikao? Na kumwachia Kulwa ilikuwa haki kwa wachezaji wangu, au niliwatoa kafara wao ili mimi nilale vizuri? Deus anasema la pili. Yupo humu, ataandika hapo chini, na mpeni nafasi naye asikilizwe.